Nani anamchemshia sista chai?

Na Mwandishi Wetu

*Wagonjwa wanalalamikia lugha chafu. Wauguzi wanasema wamechoka. Kati yao kuna rosta iliyobandikwa ukutani, na ndiyo inayostahili kusomwa kwanza.*

CHAI ilikuwa bado imejaa kikombeni. Kikombe chenyewe cha plastiki, cha kijani, mkono umevunjika. Juu ya maziwa utando ulikuwa umeshakunjamana kama ngozi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ilimiminwa saa 5 usiku. Sasa ilikuwa saa 1:40 asubuhi.

Mwenye chai alikuwa ameinamia kitabu cha ripoti. Aliandika haraka, kila baada ya mistari miwili akiugeuza mkono wa kushoto kutazama juu ya kifundo, pale glovu zinapoishia, ambako alikuwa ameandika kwa kalamu saa walizojifungua wanawake sita. Wa saba alikuwa ndani, uchungu umeshika. Mwenzake aliyepangwa naye zamu aliuguliwa na mtoto, hakuja. Usiku mzima wodi ya wazazi ilikuwa mikononi mwake na mwa mhudumu mmoja, na daktari wa zamu aliyekuwa akiitwa huku na huko.

“Hata chooni sijaenda,” alisema bila kuinua kichwa.

Akaandika mstari mwingine. Kisha, kwa sauti ileile: “Halafu nimemfokea mtoto wa watu.”

Ilikuwa saa 9 usiku. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, alishuka kitandani katikati ya kusukuma, akashika ukuta, akasema anakwenda nyumbani. Sista alimwambia maneno ambayo hakutaka kunirudia. Dirisha lilikuwa wazi, na nje ya dirisha, juu ya kanga iliyotandikwa sakafuni, mama mkwe wa binti aliyasikia yote.

Nikiri mapema kwamba nilikwenda pale kwa ajili ya maneno hayo. Mhariri alinipa kazi ya kuandika juu ya lugha chafu wodini, na sikuhitaji kusukumwa. Miaka 11 iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, mke wangu alilia kwa uchungu na muuguzi akamuuliza kama siku ile anaitafuta hiyo mimba alimwita aje kumsaidia. Karibu kila familia mjini hapa inao msemo huo au ndugu yake. Mke wangu alishasamehe. Mimi nilikuwa bado.

Niliruhusiwa kukaa kwenye meza ya wauguzi kwa sharti moja, nisitaje hospitali wala jina la mtu. Ni hospitali ya wilaya, ukanda wa Pwani. Hiyo inatosha.

Lawama si za uzushi

Kabla hatujamwonea huruma sista, tuwasikilize waliopita mikononi mwake.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliwahoji wanawake waliojifungua katika vituo vinane vya Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya: walifokewa, waliachwa peke yao, walipigwa kofi, miili yao iliachwa wazi mbele za watu. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ya waliosema hivyo ilipanda hadi asilimia 28.

Tofauti ya namba hizo mbili ilinikalia kichwani. Mlangoni mwa hospitali, mtoto kifuani na kadi mkononi, mwanamke anaona afadhali anyamaze. Akishakanda unga wake jikoni kwake, bila mtu wa sare karibu, anasema.

Mama mkwe wa binti yule hakungoja wiki kadhaa. Nilimkuta kwenye benchi la nje, beseni miguuni, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia sista alikuwa peke yake usiku kucha. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mjukuu asiye na akili nyingi.

“Marahaba, mwanangu. Uchovu wake si wangu,” alisema. “Mimi nimeshika jembe toka nina miaka kumi. Umewahi kusikia nimemtukana mgeni kwa sababu nimetoka shamba?”

Alinionyesha viganja vyake. Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina la kujibu lote.

*“Umewahi kusikia nimemtukana mgeni kwa sababu nimetoka shamba?”*

Sugu

Lakini viganja vile vilinipa neno nililokuwa nikilitafuta. Vilikuwa na sugu, zile ngozi ngumu za mtu wa jembe. Sugu inamlinda mkulima: mpini hauchubui tena. Ila kiganja chenye sugu ukikiwekea mwiba wa mchongoma hakisikii, na ukikiwekea shavu la mtoto hakisikii vilevile.

Wodini, “amekuwa sugu” ni maneno ya kila siku. Wauguzi wenyewe huyatumia kwa wenzao, tena kwa upole, kama wanavyosema fulani ana presha. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoifafanua upya hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, lilieleza mambo matatu yanayokwenda pamoja: mtu kuishiwa nguvu kabisa, kujitenga kimoyo na kazi yake na kuikejeli, na kuona kwamba anachofanya hakina tija. Lile la katikati ndiyo sugu yetu.

WHO ilisema na jambo jingine ambalo ningependa libandikwe kwenye milango ya maofisini. Ilisema huu si ugonjwa. Ni hali itokanayo na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Ukisoma hivyo, swali linamhama muuguzi na kuangukia mezani kwa anayepanga kazi.

Si uvivu wa watu waliokosa wito, kama tunavyopenda kudhani. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuiandika hali hii kwa jina la kitaalamu, Herbert Freudenberger, mwaka 1974, aliiona kwa watu wa kujitolea kwenye kliniki ya bure mjini New York, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Walikuwa watu waliojitolea kwa moyo, bila mshahara. Waliochakaa mapema walikuwa wale waliokuja na moyo mkubwa kuliko wote.

Na kila Mei 12, wauguzi wetu wanapowasha mishumaa kwenye viwanja na kumbi kumkumbuka Florence Nightingale, yule mama wa taa, hakuna anayetuambia nini kilimpata mama huyo baada ya vita vya Krimea. Alirudi Uingereza mwaka 1856 akiwa ameshaugua homa kali kule, na kwa miaka mingi iliyofuata alifanya kazi kubwa za kurekebisha hospitali akiwa kitandani. Taa tumeibeba. Kitanda tumekiacha.

Saa 336

Rosta ilikuwa imebandikwa kwa plasta juu ya sinki. Karatasi ya mistari, majina kushoto, siku juu, herufi A, J na U kwa asubuhi, jioni na usiku. Majina manane. Matatu yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu: mmoja likizo ya uzazi, mmoja masomoni, mmoja amehamishwa na mbadala wake hajaripoti. Majina mengine yamefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hadi karatasi imetoboka kwenye Jumamosi.

Matroni ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakupenda maswali yangu, akageuza boksi la glovu na kunifanyia hesabu nyuma yake.

Wiki moja ina saa 168. Wodi hii ikitaka wauguzi wawili wakati wote, na wawili ni wachache, ni saa 336. Saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki. Gawanya. Inakuja saba na nusu, sema watu wanane, kama hakuna anayeugua, anayefiwa wala anayejifungua.

“Mimi nina watano,” alisema. “Gawanya sasa.”

Ni saa 67 kila mtu. Au ni muuguzi mmoja pale palipotakiwa wawili. Matroni huchanganya yote mawili, siku kwa siku, akiomba Mungu uchungu wa wanawake usiangukie saa moja.

*“Mimi nina watano. Gawanya sasa.”*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 si mbaya hata kidogo ukiisoma. Inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Inataka mtu apate saa 12 za kupumzika kati ya kazi na kazi. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anapaswa kupata saa nzima ya mapumziko. Saa nzima! Chai ya sista ingenyweka, ikapoa kwa hiari yake, ikanywewa ya pili.

Ila kuna mlango wa nyuma. Mapumziko hayo yanaweza kukatwa kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au haiwezi kufanywa na mwingine. Kwa mlinzi wa bohari hilo linatokea mara mojamoja. Kwa muuguzi aliye peke yake na wanawake saba, linatokea kila dakika ya kila usiku. Akiwekwa peke yake, haki yake ya kupumzika inajifuta yenyewe, na hakuna aliyevunja sheria.

Kugoma nako hawezi. Sheria hiyohiyo inazihesabu huduma za afya kuwa za lazima, na mimi naona ni sawa; sitaki wodi ifungwe mke wa mtu akiwa njiani. Kenya walikofunga tuliona bei yake: wauguzi waligoma karibu miezi mitano mwaka 2017, na madaktari siku 56 mwaka 2024, wagonjwa wakirudishwa mageti yakiwa yamefungwa. Lakini mtu ukimnyima njia ya kupiga kelele kwa pamoja, atapiga kelele peke yake, saa 9 usiku, na atakayezisikia si mwajiri.

“Ni wito”

Ofisa mmoja wa afya wilayani alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Alisema upungufu wa watumishi anaujua, ajira mpya zinaombwa, fedha ndiyo hiyo. Nilipouliza kifanyike nini wakati tunasubiri, alisema: “Ile kazi ni wito. Walikula kiapo.”

Ni neno zuri, wito, na wengi wa wauguzi wanaliamini. Ugomvi wangu ni na namna linavyotumika. Rubani naye huenda ana wito, ila hatumrushi saa 20. Basi la kwenda Bukoba halitakiwi kutoka stendi ya Mbezi na dereva mmoja. Safari ndefu inataka wa pili wa kupokea usukani, na abiria mwenyewe akigundua hayupo atapiga simu trafiki kabla basi halijafika Kibaha. Dereva hatumwambii ajiangalie asichoke. Tunahesabu saa zake.

Utafiti wa usingizi uliotoka miaka ya tisini ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama aliyekunywa pombe ya kutosha kumpunguzia umakini, na kadiri saa zinavyoongezeka hali inakuwa mbaya zaidi. Sista aliamka saa 12 asubuhi ya jana yake kuwaandaa watoto shule. Mchana alilala kama saa moja, jirani anajenga. Hesabu hadi saa 9 usiku, binti aliposhuka kitandani.

Jibu la upande wa pili, lile la kisasa, ni semina. Sista amehudhuria moja, ya kujitunza mhudumu wa afya, kwenye hoteli yenye kiyoyozi. Waliambiwa wanywe maji lita mbili kwa siku, walale kwa saa nane, wafanye mazoezi, wajifunze kusema hapana. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alilala kwenye kiti kuanzia slaidi ya tatu.

“Ile semina ilinisaidia sana,” aliniambia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka. “Nililala saa mbili na nusu, nikala kuku, nikapewa na posho.”

Sizidharau semina zote. Kupumua polepole kunasaidia, kuongea na mwenzio kunasaidia, kusali kunasaidia. Wapo waliovuka miaka mibaya kwa hayo matatu. Ninachokataa ni kumpa mtu somo la usingizi badala ya usingizi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na sisi msemo huo tumeugeuza kuwa utani juu ya kinyozi mwenye nywele ndefu. Mimi nausoma kama ratiba. Kama kinyozi hajinyoi, basi kijiji kinahitaji vinyozi wawili.

Pazia, karatasi na birika

Sasa nirudi Tanga, kwa sababu watafiti wale hawakuishia kuhesabu makofi.

Mradi waliuita Staha, na wakautafutia dawa. Hospitali moja ikapewa mpango, nyingine ikaachwa ili ilinganishwe. Kwanza waliwakutanisha wanajamii na watumishi, wakaupitia upya mkataba wa huduma kwa mteja, ule unaobandikwa ukutani na kusomwa na mijusi, hadi pande zote mbili zikakubaliana heshima maana yake nini. Kisha watumishi wa wodi wenyewe wakaulizwa waanze na nini.

Walichochagua ni vitu ambavyo mtu wa mipango angeona aibu kuviandika kwenye bajeti. Mapazia, ili mwanamke asijifungue mbele ya macho ya wote. Mapokezi yakahamishiwa chumba chenye faragha. Dawa na vifaa vilivyokwisha vikaandikwa na kubandikwa wazi, ili mama akiambiwa anunue glovu asidhani muuguzi amezificha auze. Wanawake wakaulizwa wanapotoka jinsi walivyotendewa. Mtumishi aliyemkosea mama akaitwa na kushauriwa, kosa halikupuuzwa. Na katikati ya orodha hiyo kukawa na chai kwa watumishi walio zamu.

Nilisoma mara mbili nilipofika hapo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ukilinganisha na hospitali ya pili, uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulikuwa umepungua kwa asilimia 66. Haikuwa chai peke yake, na hakuna aliyedai hivyo. Pazia, karatasi na birika vilikwenda pamoja, na waliokosea waliitwa kweli. Hata hivyo hakuna aliyewaambia wauguzi wa kule wawe na moyo zaidi. Ilitengenezwa wodi ambayo mtu mwenye moyo wa kawaida anaweza kuwa na adabu.

Jambo hili linaziunganisha pande mbili zilizokuwa zikizozana. Mama mkwe ana haki ya kutaka adabu bila masharti, na Tanga watu kama yeye walipewa mahali pa kuisemea. Sista naye ana haki ya kunywa chai ikiwa moto. Tumezoea kuzipanga haki hizo kama abiria wawili wanaogombea kiti kimoja cha daladala.

*Ilitengenezwa wodi ambayo mtu mwenye moyo wa kawaida anaweza kuwa na adabu.*

Kwenye virusi tunajua

Kinachoudhi ni kwamba utaratibu wa kumlinda anayehudumia tunaufahamu vizuri sana. Tunaukumbuka likitokea la kutisha.

Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, wa kwanza nchini. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni mwaka huo, watu tisa walikuwa wameugua na sita kufariki, mhudumu wa afya akiwamo. Jirani zetu wa Kivu, kule Kongo, wanaozungumza Kiswahili chao cha Beni na Butembo, walikuwa wamepitia Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakafa, na wahudumu wakawa wanakimbia virusi upande mmoja na wenye silaha upande mwingine.

Kwenye kituo cha kutibu Ebola au Marburg, haijalishi una wito kiasi gani, huingii peke yako. Mnaingia wawili. Muda wa kukaa ndani ya mavazi ya kinga unapimwa, kwa sababu jasho na joto vinamfanya mtu akosee. Ukitoka, mwenzio anasimama mbele yako akikuangalia unavyovua, kipande kwa kipande, anakutajia hatua inayofuata, anakuzuia ukitaka kujigusa uso. Hakuna anayeita huko kudekezwa. Ni kanuni ya usalama, na anayeivunja anatolewa.

Leba hakuna Marburg. Kuna damu, kuna kondo la nyuma lisilotoka, kuna mtoto aliyechoka tumboni ambaye mapigo yake yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na mtu aliye macho. Sioni kwa nini kanuni ya wawili ibaki Kagera.

Wasio na mlango wa kufunga

Wapo ambao rosta hata hawana. Januari 31, 2024, jijini Dodoma, Makamu wa Rais wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kenya walitangulia Septemba 2023 na wao zaidi ya laki moja, wakilipwa posho ya shilingi 5,000 za kule kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Ni hatua kubwa. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na kina mama wa mtaa kwa ahsante na fulana. Lakini mhudumu wa jamii hana zamu inayokwisha. Anaishi palepale. Saa 8 usiku anagongewa kwa sababu mtoto wa nyumba ya tatu amepanda homa, na akisema ameshatoka kazini kesho yake kisimani atasemwa. Ukimwajiri mtu mtaani kwake, mkubaliane na mtaa pia mlango wake unafungwa saa ngapi. Sijaona mahali lilipojadiliwa.

Jumamosi

Nimesema rosta ilitoboka kwenye Jumamosi. Niliuliza.

Ikawa hivi: Jumamosi sista huyu akiwa ofu hapumziki. Anakwenda kuziba zamu kwenye zahanati binafsi, saa 12, analipwa siku hiyohiyo mkononi. Wenzake watatu kati ya wanne wanafanya vivyo hivyo, ndiyo maana kila mmoja anaitaka Jumamosi na kalamu haitulii. Ada za watoto, kiwanja, mama mzazi kijijini. Alinieleza bila kujitetea.

Hapa makala yangu nzuri ilipata ufa. Nilitaka kuandika juu ya mtu anayenyimwa mapumziko, nikakuta anapewa machache na anayauza. Ofisa wa wilaya analijua hilo na alilitumia: “Hao mnaowaonea huruma, waulizeni Jumamosi wako wapi.” Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu anayeuza usingizi wake ameshauza vingine vyote.

Matroni alilipokea swali hilo kwa kunyamaza kwanza. Alisema zamani, yeye akiwa kijana wodini, anayepokea zamu alikuja mapema, wakakaa robo saa. Mlikabidhiana wagonjwa, halafu mkakabidhiana usiku wenyewe: nani amekufia, nani amekutukana, umelia wapi. “Pole na usiku” ilikuwa mlango wa mazungumzo, na anayepokea alikaa kuyasikiliza. Sasa anayekuja anatoka zamu ya kwingine na anayeondoka anawahi zamu ya kwingine. Wanapishana mlangoni, “pole na kazi”, “nishapoa”, basi.

Amejaribu kuirudisha ile robo saa. Imeshika Jumatatu na Alhamisi. Ameomba pia birika la umeme kupitia kamati ya hospitali na kuambiwa halimo kwenye mpango wa mwaka. Akalinunua mwenyewe. Ndilo lililochemsha chai ya kikombe cha kijani.

Kituoni

Saa 2:25 asubuhi wa saba alijifungua, mtoto wa kike, akapokelewa na zamu mpya. Kabla ya kuondoka sista alipita kitanda namba nne. Sikumfuata ndani; nilimwona kutoka mlangoni akiwa amechuchumaa usawa wa mto, akisema na binti yule kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko ninavyodhani miguu yake iliweza. Binti hakuitikia kwa kichwa wala hakugeuka. Mama mkwe, aliyeruhusiwa kuingia kumwona mjukuu, alikuwa akikunja kanga. Alikunja ileile mara tatu.

Akatoka, akamwaga chai kwenye sinki, akasuuza kikombe.

Nilimsindikiza hadi kituoni. Daladala ya kwanza ilijaa, ya pili tukapata siti ya nyuma. Hatukufika mbali, simu ikaita mkobani. Aliitoa, akaangalia jina, hakupokea. Ilikatika, ikaita tena.

“Matroni,” alisema. “Wa usiku wa leo hatakuja.”

Aliilaza simu pajani, kioo chini, akafumba macho. Iliendelea kutetemeka juu ya sare. Mimi, niliyekuwa na daftari zima la hoja za kumtetea apumzike, nilimfikiria mwanamke ambaye usiku huo angeingia pale na kukuta muuguzi mmoja, na nikajikuta naomba apokee.

Hakupokea. Tulipofika kwenye taa za Buguruni alikuwa ameshalala.